Sura ya Sita: Mchukuzi wa Joto

Maji ndiyo yaliyotoa habari. Shangazi yangu wa Bwera aliingia dukani alfajiri, akakanyaga maji ya baridi mahali palipokuwa pakavu jana yake. Alipofunua friza, ngege aliowanunua kutoka Katwe walikuwa bado na barafu tumboni, lakini ngozi ilikwisha kulegea. Ilikuwa siku ya soko la Mpondwe. Wanunuzi kutoka Kasindi, upande wa Congo, ng'ambo ya mto Lhubiriha, wangefika kabla jua halijapanda, na mnunuzi wa samaki haulizi maswali mengi. Hubonyeza mara moja kwa kidole gumba, kisha hulipa au huenda zake.

"Mwanangu, gesi imeisha tena," aliniambia kwa simu.

Lililonichoma ni neno "tena". Ilikuwa mara ya tatu katika mwaka mmoja. Kila mara fundi aliitwa, akajaza gesi, akalipwa. Friza iligandisha miezi mitatu au minne, kisha ikarudia ugonjwa ule ule. Kila duru ilimeza faida ya wiki nyingi za kuuza samaki.

Sura hii ni ya kila mtu aliyewahi kuambiwa kwamba gesi ya friza yake imeisha. Ninataka msomaji aimalize akiwa na jambo moja moyoni: gesi ya friza haiishi. Haiungui kama mafuta ya taa, wala haichakai kama betri ya tochi. Ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayopaswa kuwamo miaka ishirini baadaye. Ikipungua, kuna tundu. Na friza nyingi zinazoshindwa kugandisha hazina kasoro yoyote ya gesi. Zina kasoro nyingine ambayo mwenye nyumba angeweza kuigundua mwenyewe, kwa mikono yake, kabla ya kufungua pochi.

Friza haitengenezi baridi

Wilaya yetu ya Kasese ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hili. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akiwa mjini anaweza kuona theluji ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, huiita theluji hiyo nzururu, na ndilo neno lililozaa jina la ufalme wao wa Rwenzururu. Chini ya mlima kuna tambarare yenye joto kali, na mwendo mfupi kusini mwa mji barabara inakata mstari wa ikweta. Katikati ya theluji na jua hilo, tunanunua sanduku jeupe na kulitaka litutengenezee nzururu ndogo ndani ya duka.

Lakini baridi si kitu kinachotengenezwa. Baridi ni hali inayobaki joto likishaondolewa. Bibi zetu waliijua siri hii kwa mtungi wa udongo: maji hupenya polepole hadi ngozi ya nje ya mtungi, yanageuka mvuke, na kila tone linalopotea hewani huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Friza hufanya kazi ya mtungi, ila yenyewe haiachi kinachogeuka mvuke kipotee. Hukikamata, hukibana, na kukirudisha kazini.

Fikiria wachukuzi wa mpaka wa Mpondwe. Mchukuzi hubeba mzigo upande mmoja, huvuka, huutua upande wa pili, kisha hurudi mikono mitupu kuchukua mwingine. Gesi ya friza ni mchukuzi wa namna hiyo, na mzigo wake ni joto. Ndani ya friza, kwenye mirija iliyofichwa ukutani, gesi hiyo ikiwa majimaji huchemka katika ubaridi ulio chini ya sifuri, na ili ichemke lazima ichukue joto la samaki. Ikishakuwa mvuke, kompresa, ile mota nyeusi iliyo chini nyuma, huuvuta na kuubana mpaka unakuwa wa moto. Mvuke huo wa moto hupita kwenye mirija ya upande wa nje, hulitua joto lake kwenye hewa ya chumba, na kugeuka majimaji tena. Hatimaye hupita kwenye mrija mwembamba sana ambao tundu lake halifiki milimita moja. Hapo ni kama lango la mpakani watu wanapopita mmoja mmoja. Upande wa pili wa lango mgandamizo hushuka ghafla, majimaji huanza kuchemka tena, na safari inarudi mwanzo.

Mtu akishaiona safari hii akilini, friza iliyogoma humjia kwa maswali manne. Je, mchukuzi ameamka? Je, mzigo anaopewa unazidi nguvu zake? Je, ana mahali pa kuutua? Na je, wachukuzi wenyewe wamebaki kamili? Nimeyapanga kwa gharama. Matatu ya kwanza hayagharimu chochote au hugharimu kidogo. La nne ndilo linalouma. Kwa friza ya shangazi, kila mara watu walianza na la nne.

Swali la kwanza: je, mchukuzi ameamka?

Anza kwa sikio. Simama karibu na friza kwa dakika kumi, redio imezimwa. Utasikia moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni kimya kitupu. Kabla ya kuishuku kompresa, angalia kama umeme unafika. Hapa watu wengi hudanganyika na shahidi wa uongo: huchomeka chaja ya simu, simu inachaji, wanahitimisha kwamba umeme upo wa kutosha. Chaja nyingi za simu hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo kuchaji kwake hakuthibitishi chochote. Kompresa haina uvumilivu huo. Uganda umeme wa nyumbani ni wa volti 240, na ukishuka chini ya 200 kompresa nyingi huhangaika kuanza. Shahidi wa kweli ni multimita, na fundi yeyote wa umeme anayo. Pima kwenye soketi ile ile ya friza, na upime saa ile inayosumbua. Umeme wa saa nane mchana na ule wa saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamewasha vyombo vyao, ni vitu viwili tofauti.

Mito inayoshuka Rwenzori inazalisha umeme. Mtambo wa Bugoye pekee, uliofunguliwa mwaka 2009, una uwezo wa megawati 13. Hata hivyo, kuishi karibu na mtambo hakumhakikishii mtu volti za kutosha nyumbani. Volti hupungua kwenye waya mrefu, kwenye transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi, na kwenye ekstensheni nyembamba inayopita chini ya meza tatu kabla haijafika kwenye friza. Hiyo ya mwisho iko mikononi mwako. Friza ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Sauti ya pili ni mngurumo mfupi wa sekunde chache, kisha "ta!", kisha kimya cha dakika kadhaa, halafu tena. Hapo kompresa inajaribu kuamka na kushindwa, na kile kinachosema "ta!" ni ovalodi, kifaa kinachokata umeme ili mota isiungue. Sababu inaweza kuwa umeme mdogo. Inaweza kuwa rilei, kijisanduku kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa kwa kazi ya kuisukuma ianze. Inaweza kuwa kapasita. Inaweza kuwa kompresa yenyewe imekwama. Rilei ni kipuri cha bei ndogo na kompresa ni cha bei kubwa, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kompresa kabla fundi hajajaribu rilei mpya mbele ya macho yako. Rilei nyingi za kisasa zikiungua, ukizitikisa karibu na sikio utasikia vipande vikicheza ndani.

Mara nyingine mngurumo na "ta!" huja baada tu ya umeme kukatika na kurudi mara moja, jambo la kawaida majira ya mvua radi zinapopiga mlimani. Kompresa ikizimwa ghafla, huacha mgandamizo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na inahitaji kama dakika tano mpaka pande hizo zilingane. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, hugugumia. Ndiyo maana kifaa cha kulinda friji, ambacho madukani huitwa friji gadi, hungoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya kompresa.

Jambo moja zaidi kwa watu wa Kasese na Kilembe. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena vibaya Mei 2020, na maji yaliingia majumbani yakiwa na matope na mawe. Friza iliyolowa kwenye mafuriko isichomekwe kwa kujaribu bahati. Ikaushwe siku kadhaa, nyaya na soketi zikaguliwe, na fundi ndiye awe wa kwanza kuiwasha.

Sauti ya tatu ni mngurumo usiokoma. Kompresa iko macho na haipumziki, ila samaki hawagandi. Hii ndiyo iliyokuwa hali ya friza ya shangazi. Hapo tunavuka kwenda kwenye swali la pili.

Swali la pili: je, mzigo unazidi?

Joto huingia kwa milango miwili: ule wa friza na ule wa mazoea yetu.

Mlango wa friza hupimwa kwa karatasi. Chukua noti au kipande cha gazeti, kibane kati ya mfuniko na mpira wake, kisha kivute. Kikija kwa shida, mpira unashika vizuri. Kikiteleza, hapo ndipo hewa ya joto inapopita usiku kucha. Zunguka kingo zote, maana mpira unaweza kushika upande mmoja na kuachia mwingine. Mara nyingi dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa mafuta na magamba ya samaki huukausha mpira na kuuzuia kulala sawasawa. Barafu nyingi iliyokusanyika sehemu moja tu ya ukingo ni alama ya mahali hewa inapoingilia.

Kuhusu mazoea, kuna hesabu ambayo kila muuza samaki angefaidika kuijua. Kuiteremsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi sifuri ni kuondoa kilojuli 105 hivi za joto. Kuyageuza maji yale yale ya sifuri yawe barafu ya sifuri ni kuondoa kilojuli 334, zaidi ya mara tatu ya kazi ya mwanzo, na kipimajoto hakionyeshi kushuka hata nukta moja. Samaki kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kupoza ni kazi nyepesi, na kugandisha ndiko kunakomchosha mchukuzi. Kwenye kibandiko cha friza nyingi kumeandikwa kilo inazoweza kugandisha kwa saa 24, na kiasi hicho ni kidogo sana kuliko kilo inazoweza kuhifadhi zikishaganda. Friza inayogandisha kilo 15 kwa siku ikitupiwa kilo 40 za ngege wabichi jioni moja, asubuhi itaonekana mbovu, kumbe ni nzima. Imezidiwa, na wale waliokuwa wameganda tayari wamewapa wageni ubaridi wao.

Barafu ya ukutani nayo ni mzigo. Ikizidi milimita tano au kumi, inakuwa blanketi kati ya mirija na samaki. Izime friza, iache wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, ngoja. Usichokoe kwa kisu. Mirija inayobeba gesi iko nyuma tu ya ukuta ule, na ncha moja ya kisu inaweza kuua friza nzima iliyokuwa inahitaji saa chache za subira. Zile aina zisizoota barafu ukutani, zenye feni ndani, zina alama yake: zikizimwa siku nzima zikawa wazi, kisha zikafanya kazi vizuri siku chache na kuharibika tena, tatizo liko kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu iliyojificha nyuma ya feni, si kwenye gesi.

Katika haya yote, usikisie. Bwera inajua thamani ya kupima baridi. Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka kutoka Congo na kuthibitishwa hapa, chanjo iliyotumika ilikuwa ya kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, mbali mno na uwezo wa friza ya nyumbani. Chanjo ya namna hiyo haitunzwi kwa kugusa na kusema "naona iko baridi". Nasi chakula tusikitunze hivyo. Kipimajoto kidogo kilichowekwa katikati ya vifurushi usiku kucha kitakwambia ukweli asubuhi. Namba unayoitafuta ni nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kwa shangazi, karatasi ilishika pande zote. Barafu ilikuwa nyembamba. Hakuwa ameongeza samaki wabichi kwa siku tatu. Tukasogea.

Swali la tatu: je, pana pa kutua?

Mchukuzi asiyepata mahali pa kutua mzigo atasimama nao, au atarudi nao alikotoka. Joto lote lililotolewa kwenye samaki, pamoja na joto la kompresa yenyewe, lazima liingie kwenye hewa inayozunguka friza. Kwenye friji nyingi za kusimama, mirija ya kutulia mzigo inaonekana nyuma kama wavu mweusi. Kwenye friza nyingi za kulala imefichwa ndani ya kuta za pembeni. Ndiyo sababu kuta hizo zikiguswa huwa za moto, na watu hushtuka wakidhani ni hitilafu. Ukuta wa pembeni wenye joto ni habari njema, maana mizigo inafika.

Hivyo friza inahitaji nafasi, angalau upana wa kiganja kila upande, mbali na jiko, mbali na dirisha la jua la mchana. Nafasi ya kompresa chini nyuma ifagiliwe vumbi na nyuzi za magunia. Kisha soma kibandiko kwa jambo jingine: herufi ya hali ya hewa. N maana yake friza iliundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Duka la mabati kwenye tambarare ya Kasese, saa nane mchana, linaweza kuipita N bila shida. Ukinunua friza ya huku, tafuta T.

Hapa ndipo nilipoona kitu ambacho wote tulikipita mara nyingi bila kukiona. Kushoto mwa friza, magunia yalipangwa mpaka usawa wa mfuniko, yameegemea ukuta wake kabisa. Yalikuwa magunia ya chumvi ya Katwe. Shangazi aliyaleta ndani mvua ilipoanza kuvuja kibandani, na pale palikuwa mahali pakavu kuliko pote.

"Mama, haya yamekaa hapa tangu lini?" fundi aliuliza. Alikuwa kijana niliyekuja naye kutoka Kasese mjini, mtu wa maneno machache.

Shangazi akahesabu kwa vidole. "Tangu mwaka jana, mwezi wa nne au wa tano."

Fundi akaweka kiganja kwenye ukuta wa kulia, kisha akapenyeza mkono nyuma ya magunia kushoto. Nusu ya mahali pa kutulia joto ilikuwa imefunikwa. Tulipoyaondoa, sakafu ilikuwa na unyevu mweupe, maana chumvi huvuta maji kutoka hewani hata siku isiyo na mvua, na maji yale ya chumvi yalikuwa yametambaa taratibu mpaka chini ya kompresa.

Swali la nne: je, wachukuzi wamebaki kamili?

Gesi iliyopungua ina alama zake, na mwenye nyumba anaweza kuzisoma. Kompresa hunguruma bila kupumzika. Ndani ya friza, barafu huota sehemu moja tu, karibu na mahali majimaji yanapoingilia, na sehemu nyingine hubaki tupu. Kuta za nje hubaki vuguvugu hafifu, kwa sababu wachukuzi ni wachache na mizigo inayofika ni michache. Ukiona haya matatu pamoja, baada ya kuyamaliza maswali matatu ya mwanzo, hapo ndipo neno gesi linaruhusiwa kutamkwa.

Kuna alama nyingine inayofanana na hizi. Friza hugandisha, kisha huacha, kisha ikizimwa kwa saa kadhaa huanza tena kama kawaida. Huo mara nyingi ni unyevu ulioingia ndani ya mirija. Tone dogo la maji huganda kwenye lile lango jembamba na kulifunga; friza ikipata joto, tone huyeyuka na lango hufunguka. Huo ndio urithi wa kazi iliyofanywa haraka, gesi ikajazwa bila kwanza kuvuta hewa yote kwa pampu na bila kubadilisha filta.

Fundi wetu aliinamisha tochi. Mahali mrija wa shaba unapoungana na wa chuma, karibu na filta, palikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na juu ya kutu doa la mafuta. Mafuta hayo huzunguka pamoja na gesi, na gesi ikitoroka huyaacha mlangoni kama alama ya mguu. Alijaza naitrojeni kwenye mfumo, akapaka povu la sabuni. Mapovu madogo yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine, pole pole kama mtu anayehema usingizini.

Shangazi aliyatazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo pesa zangu zote zilipitia hapo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijaona mahali maneno hayo yanapofaa zaidi. Kazi sahihi ina hatua tano, na mteja ana haki ya kuziona zote: tundu litafutwe na kuzibwa kwa kuchomelea; filta ibadilishwe; hewa na unyevu vivutwe kwa pampu; gesi iingizwe kwa kupimwa kwenye mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko; na mwisho, viungo vyote vipimwe tena kwa povu. Fundi akikuambia ataongeza tu, bila kutafuta tundu, mshukuru na umtafute mwingine.

Usalama nao una neno lake. Friza nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, ambayo ni isobyuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Huwa na pembetatu ya njano yenye mwali wa moto karibu na kompresa. Gramu zake ni chache lakini inawaka, kwa hiyo mwali wa kuchomelea usikaribie mfumo huo kabla gesi haijatolewa na dirisha kufunguliwa. Aina hii ikitoboka upande wa ndani, mgandamizo huko huwa chini ya ule wa hewa ya nje, hivyo kompresa ikiwa inafanya kazi tundu hufyonza hewa na unyevu kuingia ndani. Kujaza bila kuziba hapo ni kujaza unyevu.

Friza ya shangazi ilikuwa ya R134a, na kuhusu gesi hiyo kuna deni linalotupita sisi wa dukani. Friza za zamani zilitumia R12, iliyotoboa tabaka la ozoni, na dunia ilikubaliana kuiacha kwa Mkataba wa Montreal wa Septemba 16, 1987. R134a ilichukua nafasi yake. Haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikitoroka hupasha dunia joto takriban mara 1,400 kuliko kilo moja ya hewa ukaa katika miaka mia moja. Ndiyo maana Oktoba 15, 2016, mataifa yalikutana Kigali, si mbali na hapa, wakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo nazo. Mlima wetu ni shahidi wa joto hilo: mwaka 1906 Vittorio Sella alipiga picha za barafu ya Rwenzori katika msafara wa Duke wa Abruzzi. Ukizilinganisha na mlima wa leo, barafu iliyobaki ni sehemu ndogo tu ya ile. Tundu la kutu nyuma ya friza moja haliyeyushi mlima. Lakini gesi tuliyoinunua mara tatu ikatoroka mara tatu ilipanda juu ya vichwa vyetu, na juu ya vichwa vyetu, huku Bwera, ndipo ilipo nzururu.

Wakati friza imelala, samaki hawalali

Friza ilifumuliwa asubuhi ile, na ngege walikuwa wanangoja. Msomaji naye atafikiwa na saa kama hiyo, kwa hiyo haya yawe akilini kabla hayajahitajika.

Friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, hutunza chakula kilichoganda kwa takriban saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Kila ukifunua unakata saa hizo, basi usifunue kwenda kuangalia. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani kinaweza kugandishwa tena au kupikwa, ingawa nyama yake italegea kidogo. Kilichopita nyuzi nne kwa zaidi ya saa mbili kisirudishwe, na pua isiwe hakimu, kwa sababu vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havinuki.

Jiandae pia mapema. Jaza chupa za plastiki kwa maji yenye chumvi, kiasi cha gramu 100 kwa kila lita, ukiacha nafasi shingoni, uziweke kwenye pembe za friza. Maji hayo huganda na kuyeyuka karibu nyuzi sita au saba chini ya sifuri. Umeme ukikatika, chupa hizo huyeyuka kabla ya samaki, na zikiwa zinayeyuka humeza joto ambalo lingewafikia. Ni wachukuzi wa akiba, wa bei ya chumvi.

Na pale chupa zinapoishiwa, watu wa nchi hii wana elimu ya zamani kuliko umeme. Kando ya Ziwa Edward na Ziwa George, samaki walitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi vizazi vingi kabla friza ya kwanza haijapanda lori kuja Kasese. Asubuhi ile shangazi hakungoja ushauri wangu. Wale waliokuwa bado na barafu aliwauza mapema, akimweleza kila mnunuzi waziwazi kwamba wamepoteza ugumu na wapikwe leo. Waliobaki aliwapasua mgongo, akafungua gunia moja kati ya yale yaliyokuwa yameegemea friza, akaanza kuwapaka chumvi ya Katwe kwa viganja, huku fundi akichomelea mrija nyuma yake.

Magunia yaliyobaki tuliyahamishia ukuta wa pili, juu ya mbao, mbali na kuta za friza. Jioni kompresa ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Shangazi aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa kushoto, ule uliokuwa umefunikwa mwaka mzima, akauacha hapo mpaka akahisi joto likitoka.